Hesabu za Kasese Zisomwe Kasese

Raia wa Uganda anayetaka kujua wilaya yake imetumiaje fedha za umma ana haki hiyo kwa maandishi. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2005 imeeleza namna ya kuidai haki hiyo. Ajaze fomu. Alipe shilingi 20,000 zisizorudishwa, kwa mujibu wa kanuni za 2011. Asubiri siku 21. Asipojibiwa ndani ya siku hizo, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa amekataliwa, naye anaweza kwenda kulalamika kwa hakimu mkuu. Kwa mwanasheria wa Kampala huo ni utaratibu wa kawaida. Kwa mkulima wa kahawa katika miteremko ya Kyarumba wilayani Kasese, au kwa mama anayevusha bidhaa kichwani kati ya Bwera na Kasindi ya Kongo, ni safari isiyoanzika. Shilingi 20,000 ndicho kiasi ambacho serikali, kwa kiwango cha miaka ya karibuni, humtolea mtoto mmoja wa shule ya msingi kama ruzuku ya mwaka mzima. Mzazi anayetaka kuuliza kama ruzuku ya mwanawe imefika shuleni anatakiwa atoe kwanza kiasi kilekile.

Kasese inafaa kutazamwa kwa makini katika jambo hili kwa sababu ina vitu vingi vinavyopaswa kutolewa hesabu. Iko chini ya milima ya Rwenzori, imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ina saruji Hima, chumvi Katwe, shaba Kilembe, na huko Mpondwe ina kimoja kati ya vituo vya mpakani vyenye shughuli nyingi kati ya Uganda na Kongo. Kila kimoja kati ya hivyo kinazalisha fedha za umma, mikataba ya umma au madhara kwa umma. Na karatasi zinazoeleza mambo hayo, kwa sehemu kubwa, zimelala Kampala na Entebbe, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwa watu zinaowahusu, zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi wao hawakisomi. Sheria tunazo za kutosha. Kinachoinyima Kasese uwazi ni umbali, na umbali huo hauondolewi kwa kumngoja mwananchi aje kuuliza. Unaondolewa na serikali kupeleka hesabu mahali zinapotumika, kabla hazijaulizwa.

Uganda yenyewe iliwahi kutoa ushahidi wa jambo hili ambao dunia nzima iliuchukua. Katikati ya miaka ya 1990, serikali na Benki ya Dunia zilifuatilia fedha za ruzuku zilizotoka hazina kwenda shule za msingi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995, shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizostahili kupata kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Zilizobaki ziliishia njiani, nyingi zikiwa mikononi mwa maofisa wa wilaya, na shule nyingi hazikuona hata senti moja. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini, mwezi kwa mwezi, kiasi kilichopelekwa kila wilaya, magazeti ya lugha za wenyeji yakiwamo, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo zilikuwa zinafika. Lakini ndani ya utafiti huo mna jambo linalotajwa mara chache, nalo ndilo linaloigusa Kasese zaidi. Walimu wakuu wa shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti walijua zaidi taratibu za ruzuku na wakati zinapotoka, na shule zao zilipata sehemu kubwa zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Sheria ilikuwa moja nchi nzima, na tangazo lilikuwa moja. Aliye karibu na karatasi ndiye aliyenufaika zaidi.

Wapo watafiti waliotia breki baadaye, na wana haki. Walisema kwamba miaka ileile Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1997, kwamba wafadhili walikuwa wakisukuma, na kwamba mfumo mzima wa kupeleka fedha wilayani ulibadilishwa. Kwa hiyo gazeti peke yake halikuwa dawa. Nakubaliana nao. Takwimu iliyobandikwa ukutani haimkamati mwizi. Lakini hoja yao haisemi kwamba mageuzi yale mengine yangefanya kazi gizani. Mfumo mpya wa kupeleka fedha unahitaji mtu wa upande wa pili anayejua kiasi gani kilitumwa, la sivyo aliyetumwa kupeleka ndiye pekee anayejua kama amefikisha. Uchapishaji ulimpa mwalimu mkuu wa kijijini namba ya kushika anapokwenda wilayani. Polisi, mkaguzi na diwani huanza kazi yao hapo, na bila namba hiyo hawana pa kuanzia.

Kasese inao pia mfano wake mwenyewe wa taarifa iliyotolewa mapema, wakati ambapo ilikuwa rahisi kuificha. Juni 11, 2019, Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo na familia yake siku mbili kabla alikuwa na Ebola. Familia ilikuwa imempeleka hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola Bwera, ambako alifariki. Wizara ilitaja wilaya, ikataja hospitali, ikaeleza mtoto alikopita. Ofisa mwoga angeweza kusema kwamba tangazo kama hilo litaleta taharuki, litafunga soko la Mpondwe na kufukuza watalii wa hifadhini. Halikuzuiwa, na hakuna maambukizi yaliyotokea ndani ya Uganda kutokana na familia ile. Sifa kubwa ni ya maandalizi, maana wafanyakazi wa afya walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018, nao wahudumu wa vijijini walikuwa wanajua dalili za kutafuta. Lakini maandalizi hayo yaliwategemea watu waliokwisha kuambiwa, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, redioni na kwenye vivuko, nini kinaendelea ng'ambo ya mpaka. Serikali inayojua kumfikishia mwananchi taarifa ya ugonjwa kwa lugha yake inajua pia namna ya kumfikishia taarifa ya bajeti. Njia ni zilezile, redio ni zilezile, na watu ni walewale.

Sasa tazama Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ulifanya kazi kwa karibu robo karne, kwa miaka mingi ukiwa chini ya kampuni ya Kanada ya Falconbridge, kabla ya uchimbaji kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliacha bondeni malundo makubwa ya mabaki ya uchenjuaji, kandokando ya Mto Nyamwamba unaoshuka kutoka Rwenzori, ukipita Kilembe na mji wa Kasese, kuelekea Ziwa George. Mto huo ulifurika vibaya Mei 2013, ukafurika tena mwaka uliofuata, na Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Kila furiko hula sehemu ya malundo yale na kuyashusha kwenye mashamba na makazi ya chini. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Uingereza wamepima udongo, maji na mazao ya bonde hilo, na wamekuta madini kama shaba na kobalti katika viwango vinavyotia wasiwasi kwa afya ya wanaoishi hapo. Matokeo hayo yamechapishwa katika majarida ya kisayansi ya ng'ambo. Profesa wa Ulaya anaweza kusoma leo asubuhi kuhusu mboga zinazolimwa Kilembe, ilhali mama anayezilima mboga hizo hana karatasi hata moja ya kumwambia ni eneo gani aliache na ni kisima gani akiepuke.

Hapa hakuna siri ya dola, wala hakuna sheria inayozuia. Sheria ya 2005, katika kifungu chake cha 34, inaamuru taarifa itolewe hata kama ingeweza kuzuiwa, pale inapoonyesha hatari kubwa kwa afya, usalama au mazingira na maslahi ya umma yanazidi madhara ya kuitoa. Sheria ya Mazingira ya 2019 nayo inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Kinachotakiwa ni ramani ya ukurasa mmoja, iliyochorwa kwa vipimo ambavyo tayari vipo, iliyobandikwa katika kila ofisi ya mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) wa bondeni na kusomwa redioni. Gharama yake haifiki bei ya semina moja ya hotelini. Kutofanyika kwake kwa miaka yote hii ni kosa kubwa, na nalisema hivyo kwa sababu wanaoumia ni watoto wanaokula kutoka kwenye udongo ule.

Kuna upande mwingine wa Kilembe, nao ni mikataba. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa kampuni ya Tibet Hima, na mwaka 2017 serikali ikauvunja mkataba huo ikisema mwekezaji hakutimiza masharti. Masharti gani, ya kiasi gani, kwa muda gani? Mkazi wa Kasese aliyekuwa akingojea ajira na ukarabati wa bonde lake alistahili kuyajua siku ya kwanza, ayatumie kupima mwaka wa pili na wa tatu, badala ya kusikia mwishoni kwamba yamekiukwa. Hoja inayotolewa dhidi ya kuchapisha mikataba ni kwamba wawekezaji watakimbia wakiona siri zao za biashara hadharani. Uganda imekwisha kupitia mjadala huu. Mwaka 2001 shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu kudai mkataba wa ununuzi wa umeme wa bwawa la Bujagali. Mwaka 2002 Jaji Egonda-Ntende aliamua kwamba mkataba ule ulikuwa waraka wa umma, ingawa Greenwatch haikuthibitisha kwamba ni raia mwenye haki ya kuupata. Ulipotoka hadharani na wachambuzi wa Prayas wa India wakausoma, walieleza kwamba Uganda ingelipa mamilioni ya dola zaidi kila mwaka kuliko ilivyostahili. Basi siri ile ilikuwa inamlinda nani? Bwawa lilijengwa baadaye, na mwekezaji mwingine. Agosti 2020 Uganda ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya madini na mafuta, EITI, ambao unazitaka nchi wanachama zichapishe mikataba yote iliyotiwa saini au kurekebishwa tangu Januari 1, 2021. Mkataba wowote wa Kilembe wa baada ya tarehe hiyo unaingia humo. Ahadi imekwisha kutolewa mbele ya dunia. Itimizwe mbele ya Kasese.

Fedha za hifadhi na za madini ni rahisi zaidi kuzieleza. Sheria ya wanyamapori inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zirudi kwa serikali za mitaa zinazoizunguka. Kwa vijiji kama Hamukungu, Kahendero na Katunguru, vilivyomo ndani ya Queen Elizabeth au kandokando yake, ambako tembo hula shamba kwa usiku mmoja, asilimia hizo ndizo malipo ya kuishi na wanyama. Mamlaka ya Wanyamapori inajua ni watu wangapi wamepita kila lango. Wilaya inajua imepokea kiasi gani. Gombolola, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, inajua imepewa kiasi gani. Namba hizo tatu zikiwekwa katika ubao mmoja, mtoto wa darasa la saba anaweza kuzilinganisha. Vivyo hivyo mrabaha wa madini: sheria ya 2003 ilizigawia serikali za mitaa asilimia 17 na wamiliki wa ardhi asilimia 3, kisha sheria mpya ya 2022 ikachukua nafasi yake na kuubadili mgawo. Mwenye ardhi karibu na machimbo ya chokaa ya Hima asiyejua hata kwamba sheria imebadilika atadaije sehemu yake?

Mtu atasema watu wa vijijini hawaelewi hesabu za serikali, na kwamba kuwabandikia majedwali ni kupoteza karatasi. Bajeti zimo mtandaoni tangu Wizara ya Fedha ilipofungua tovuti yake ya bajeti mwaka 2013, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za kila wilaya zimo mtandaoni, na wasomaji ni wachache. Hoja hii inageuza kosa la mtoaji kuwa kosa la mpokeaji. Jedwali la kurasa 200 kwa Kiingereza cha kihasibu halisomeki hata kwa mhariri wa gazeti. Lakini chukua Mpango wa Maendeleo wa Muluka (ngazi iliyo chini ya gombolola), ule wa PDM uliozinduliwa Februari 2022. Kila muluka hupelekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kila kaya inayokubaliwa hukopeshwa hadi milioni 1. Hakuna mkulima wa pamba wala mvuvi wa Katwe atakayeshindwa kugawanya. Kama milioni 100 zimefika, wako wapi watu mia moja? Ndiyo maana PDM inazungumzwa zaidi katika kila kibanda cha boda boda kuliko mpango mwingine wowote wa serikali: namba yake inabebeka kichwani. Watu huelewa wanapopewa kiasi kinachohusu mahali pao, kwa lugha yao, wakati bado wana la kufanya.

Kuhusu PDM kuna pingamizi zito zaidi, la faragha. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kuna anayeona kwamba kubandika majina ya waliokopa ni kuwaanika majirani. Nimelipima hili na naona mpaka uko wazi kiasi. Fedha za umma zikitoka, jina la aliyezipokea, kiasi na tarehe ni mambo ya umma, na wanamuluka wengi huyasikia hata hivyo kwenye mikutano. Hali ya ugonjwa wa mwombaji, madeni yake mengine, sababu za umaskini wake, hayo yabaki katika faili. Kamati inayokataa kutaja majina kwa kisingizio cha faragha, huku ikiwa imewakopesha ndugu za wajumbe wake, inajilinda yenyewe.

Linabaki pingamizi la usalama, na kwa Kasese si la kupuuzwa. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Wilaya iliyoona hayo haihitaji kufundishwa kwamba njia za doria na idadi ya askari mpakani ni siri halali. Sheria inazilinda, na izilinde. Lakini usalama umenyooshwa ukafunika mengi yasiyohusiana nao. Novemba 26 na 27, 2016, mapigano yaliyoishia kwa jeshi na polisi kuvamia kasri la Mfalme Charles Wesley Mumbere wa Rwenzururu mjini Kasese yaliua zaidi ya watu 100, na shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watoto walikuwa miongoni mwao. Uchunguzi huru uliodaiwa haukufanyika. Mashtaka dhidi ya mfalme na wafuasi wake yaliondolewa Juni 2023, na pamoja nayo likaondoka jukwaa la mahakama ambako ukweli wa siku zile mbili ungeweza kusikika hadharani. Familia zilizopoteza watu, za raia na za polisi waliouawa, hazijapewa hadi leo maelezo kamili ya dola kuhusu nani alikufa, vipi na kwa amri ya nani. Ukimya huo haujaifanya Kasese kuwa salama zaidi. Umeziacha jamii za wilaya zikiwa na simulizi zisizopatana, kila moja na orodha yake ya wafu, na hiyo ni hatari ambayo askari hawawezi kuizuia kwa doria.

Yanayotakiwa sasa yako ndani ya uwezo wa watu waliopo. Bunge liifute ada ya shilingi 20,000. Sheria ya Kenya ya 2016 imekataza kabisa kutoza ada ya kuwasilisha ombi, na anayekataliwa hulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala pasipo kulazimika kuanzia mahakamani; Uganda iliyotangulia kwa miaka 11 haina sababu ya kubaki nyuma. Halmashauri ya Wilaya ya Kasese nayo haina haja ya kungoja Bunge, kwa sababu sheria iliyopo inaruhusu taarifa kutolewa bila kuombwa, na Mtendaji Mkuu wa Wilaya, CAO, ndiye ofisa wa taarifa kwa nafasi yake. Aagize kila gombolola ibandike kila robo mwaka, kwa Lhukonzo, Kiswahili na Kiingereza, fedha za hifadhi, za mrabaha, za PDM na za ruzuku za shule: zilizotumwa, zilizofika, zilizotumika, na jina la mkandarasi aliyelipwa. Redio za Kasese zisome orodha hiyo bila malipo kama zinavyosoma matangazo ya chanjo. Madiwani waulizwe juu yake kwenye mikutano yao, na wale wanaoomba kura waikubali hadharani kabla ya kuzipata. Nawe msomaji wa Bwera, wa Kilembe, wa Katwe, mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1: nenda gombolola wiki hiyo, uliza ubao uko wapi, na kama haupo, waulize jina la ofisa anayepaswa kuuweka na tarehe atakayouweka.